Pindua kiti kwanza, maneno ya vanishi yatafuata

Watu wenye viti vya mbao nje ya nyumba huniuliza swali moja karibu kila wakati, nipake nini? Na mimi huwa nawarudishia lingine, hicho kiti ushawahi kukipindua ukaangalia kule chini, pale mguu unakanyaga ardhi? Wengi hawajawahi. Wamepaka vanishi koti ya kwanza, ya pili, ya tatu, sehemu ya kuegemea inang'aa mpaka unaona uso wako, lakini ukikilaza pale kwa nyasi unapata ncha za miguu zimekuwa nyeusi na laini, ukidunga na ukucha unaingia. Kiti huanza kufa hapo. Hakifii juu penye tunamwaga pesa, kinafia chini mahali hakuna mtu huangalia.

Naandikia hasa sisi wa huku, Kisumu, Siaya, Vihiga, Kakamega mpaka kule Busia, juu maelezo mengi ya kutunza viti vya bustani yameandikiwa watu wa nchi zenye theluji, wanaambiwa baridi ikifika ingiza viti stoo, ikiisha toa. Huku hakuna kuingiza stoo. Tunakaa nje Januari mpaka Disemba, mgeni anapokelewa chini ya muembe, chai nje, kikao cha familia nje, na viti vinashinda na kulala hapo hapo. Jua linapiga kutoka asubuhi, ikifika saa tisa saa kumi mawingu yanajikusanya, mvua inashuka na radi, usiku unyevu, kesho yake jua tena. Mbao inafura, inasinyaa, inafura, inasinyaa, na hiyo ya kila siku ndio hufungua viungo na kupasua vanishi.

Kuna vitu viwili vinashika mbao ya nje na watu huvichanganya, jua na maji. Kisumu tuko karibu kabisa na laini ya ikweta, mita kama 1,130 juu ya usawa wa bahari, jua la hapa si mchezo. Miale yake inavunja lignini, yaani ile kitu ndani ya mbao inashikanisha nyuzi, halafu mvua ikija inaosha iliyovunjika, zinabaki nyuzi tupu za rangi ya kijivu. Ndio maana kiti kikikaa nje miezi kadhaa kinageuka kijivu hata kama ni cha mvule. Mtu akiona hivyo anashtuka, anadhani kiti kinaoza, anakimbia hadiwea. Lakini kijivu iko juu juu tu, ngozi nyembamba sana, ukipitisha msasa kidogo unakuta mbao nzima chini yake. Kuna watu wanaipenda ikiwa hivyo na siwapingi hata kidogo. Kiti cha kijivu kilicho kikavu kitaishi kuliko kiti cha kung'aa kilichofungiwa maji ndani.

Maji ndio ya kuogopa. Kuoza kunaletwa na kuvu, na kuvu haiwezi kuishi kwa mbao kavu, watu wa mbao huchukua unyevu wa asilimia 20 kama mpaka, ukiwa chini ya hapo kuvu haina kazi, ukipita na ukae hivyo muda mrefu ndio inaanza kula. Sasa hebu fikiria, mvua ya saa moja ikipiga ubao uliolala wazi, halafu upepo wa ziwa na jua la kesho yake, hiyo haiozeshi kitu. Kinachoozesha ni maji yaliyokwama. Yamekwama chini ya mguu uliozama kwa nyasi, yamekwama pale ubao wa kukalia umelalia fremu, kwa tundu la msumari, chini ya kushoni (ule mto wa kukalia) iliyoachwa nje usiku, na chini ya vanishi iliyobanduka upande mmoja. Ukishajua hizo sehemu tano umejua karibu kila kitu, na utaona hakuna hata moja inayoonekana ukiwa umesimama mbele ya kiti unakisifu.

Mguu ndio mbaya kuliko zote. Ubao ukiukata kwa upana, pale kwa ncha, kuna vitundu vidogo sana ambavyo mti ulitumia kupandisha maji ukiwa hai, na kukatwa mti hakujaviziba. Ni kama fungu la mirija ya soda limesimamishwa kwa maji. Kwa hivyo kiti chako kikisimama kwa udongo uliolowa, maji yanapanda ndani ya mguu yenyewe, hata siku ambayo mvua haijanyesha, na ile vanishi umepaka kando ya mguu inayazuia yasitoke. Kule Kano, tambarare ya karibu na Kisumu, mahali udongo ni ule mweusi wa kushika maji, mguu unaweza kuwa na unyevu wiki nzima baada ya mvua moja.

Nikiletewa kiti kilichochoka, ama nikifanya vyangu, naanza hivi. Nakiweka mahali pana kivuli na upepo, kimelala kwa mgongo, miguu juu, mpaka kikauke vizuri. Sio juani, juani mbao kubwa inakauka nje haraka kuliko ndani halafu inapasuka. Kikishakauka nachukua kisu kizee ama bisibisi nachokora ncha ya kila mguu, ile laini yote nyeusi itoke mpaka nifike penye bisibisi inagonga na kukataa kuingia. Kama uozo umepanda kidogo tu nakata miguu yote minne sawa, kiti kinashuka kimo kidogo na hakuna mtu atajua. Kama umepanda sana fundi ataunga kipande kipya, na hiyo kazi anaiweza, usimwache akujazie shimo na unga wa mbao na gundi akakwambia imepona, uozo uko bado huko ndani unaendelea.

Halafu sasa ile kazi naipenda kuliko zote. Natafuta vikopo vinne, vile vya maziwa ya unga viko sawa, namimina mafuta ya mbao kimo cha vidole viwili hivi, nayapunguza uzito na thina kidogo ndio yapande, nasimamisha kiti ndani, kila mguu na kikopo chake, nakiacha usiku mzima. Asubuhi unakuta mafuta yameshuka kwa kikopo. Yameenda wapi? Yamepanda kwa ile mirija, pale maji yalikuwa yanapita sasa pamejaa mafuta. Ukipangusa ncha ya mguu inakuwa na rangi nzito, ya asali iliyoiva, na ukiidondoshea maji yanabaki matone juu, hayaingii. Mimi hiyo inanifurahisha kuliko glosi yoyote. Yakikauka kabisa, na hii inachukua siku kadhaa, napigilia vipande vya mpira chini, hata mpira wa tairi kuukuu unafaa, ndio mbao isiguse chini moja kwa moja. Na kiti kikirudi bustanini kikanyage kabro (yale matofali ya kutandika nje) ama slabu ama hata jiwe bapa. Kisirudi kwa nyasi tupu.

Sasa juu, nipake nini, swali lenyewe. Hapa nitaongea ukweli wangu na wenye kupenda kung'aa mtanisamehe. Kwa viti vinavyokaa nje wazi huku kwetu napendekeza mafuta, sio vanishi. Vanishi ni ngozi, inakaa juu ya mbao, na ngozi hiyo ikiwa nzima inafanya kazi safi sana. Shida ni kwamba mbao chini yake inafura na kusinyaa kila siku na jua linaikausha yenyewe inakuwa ngumu, mwishowe inapata ufa mdogo hata huuoni, maji yanaingia kwa ufa, jua likirudi hayana pa kutokea, na baada ya muda unaona madoa meupe, halafu inabanduka vipande vipande. Kuirekebisha lazima uitoe yote, kiti kizima, kwa msasa na jasho, kwa sababu ukipaka mpya juu ya iliyobanduka itabanduka nayo. Mafuta hayana ngozi. Yanazama ndani, yakiisha yanaisha polepole, na kuongeza ni kuosha, kukausha, kupaka tena, asubuhi moja umemaliza. Ile vanishi ya mashua, yenye kukinga miale ya jua na inayonyumbuka, ni bora kuliko ya kawaida na kama lazima iwe vanishi basi tumia hiyo, lakini nayo itataka kuangaliwa.

Na hapo kwa vanishi kuna kitu lazima niseme, sanding sila. Karibu kila fundi wa fanicha huku anapaka sanding sila kwanza, inakauka haraka, inajaza vitundu, msasa unateleza juu yake vizuri, halafu vanishi inakaa laini. Kwa kabati na meza ya sebuleni hakuna neno. Lakini ile ya kawaida imetengenezwa kwa nitroselulosi, na hiyo ni kitu cha ndani, haivumilii jua na mvua. Ikikufa chini, vanishi ya juu hata ikiwa ya bei gani inabanduka nayo. Kuna mzee fundi pale Kibuye, soko la hapa Kisumu, ambaye nampelekea kazi za kuunga, siku moja kijana wake alikuwa ashafungua mkebe anataka kuanzia benchi langu, mzee akamshika mkono, akanigeukia, "Nyathina (yaani mtoto wangu, kwa Kijaluo), hii benchi inakaa wapi?" Nikamwambia nje Mzee, chini ya mti. Akamwambia kijana funga hiyo, hiyo ni ya nyumba. Swali moja tu, inakaa wapi, na ningependa kila fundi aulize kabla hajashika brashi. Asipouliza mwambie wewe.

Mafuta gani? Yale yaliyotengenezwa ya mbao za nje, yenye dawa ya kuvu na kinga ya jua, ndio mazuri kama mfuko unaruhusu. Ukikosa, ile linsidi oili ya hadiwea, mafuta ya mbegu za kitani, inasaidia, chukua iliyoandikwa imechemshwa, mbichi inakaa siku nyingi ikinata, na hapa Kisumu kitu cha kunata nje ni taabu, wale wadudu wadogo wa ziwa wakija jioni wanafuata taa wanagandia hapo maelfu. Ndio maana pia napaka asubuhi na mapema, na usiku wa kwanza nazima taa ya nje. Ujue tu linsidi yenyewe ni chakula cha kuvu ya juu, ile ya madoa meusi, kwa hivyo mahali pana unyevu mwingi itakufanyia kiti kiwe cheusi cheusi kama utaipaka nzito. Siri iko kwa kupaka kidogo. Pitisha brashi, ngoja kama dakika ishirini, halafu chukua kitambaa kikavu upanguse yote ambayo haijazama, yote kabisa, mpaka ukigusa mkono utoke karibu mkavu. Kesho yake rudia. Mtu anayepaka nzito akidhani anakinga zaidi anapata kiti cha kunata chenye vumbi.

Na vile vitambaa, tafadhali sana, msivikunje mkavitupa kwa kona ya stoo. Linsidi ikikauka inatoa joto, kitambaa kikiwa kimekunjwa joto linajikusanya ndani na kinaweza kushika moto chenyewe bila kiberiti, bila sigara, bila mtu. Vitandaze nje kwa simiti kimoja kimoja mpaka vikauke vikakamae, ama vizamishe kwa ndoo ya maji. Hii sio hadithi, ni kitu kinachochoma karakana za watu.

Oili chafu ya gari nayo, hapana. Najua mashambani inapakwa kwa vigingi vya ua ndio mchwa wasile, na wengine wameihamishia kwa viti. Oili iliyotoka kwa injini imebeba vyuma na kemikali zinazohusishwa na saratani, na kiti ni kitu unakalia na miguu wazi, mtoto anakilamba, nguo zinapangusa. Haikauki pia. Usiiweke.

Kuhusu mbao yenyewe nitaongea kidogo. Mvule ndio mfalme wa nje, mgumu, una mafuta yake ndani, mchwa hawautaki, ndio maana benchi za mababu zingine bado ziko. Siala, ambao Waluhya wanauita lusiola, hauzungumzwi vya kutosha, watu wameujua miaka mingi kwa nguzo za nyumba kwa sababu mchwa wanausumbua kidogo tu, na benchi la siala ni kitu cha heshima. Saiprasi ni nyepesi na inafaa ukiitunza. Bluugamu, yaani mkaratusi, ni ngumu lakini inapenda kujipinda na kupasuka, hasa ikikatwa changa. Na hii ya kukatwa changa imezidi, serikali ilipofunga ukataji kwa misitu ya umma Februari 2018, siku 90 zikawa miaka, mpaka 2023 ndio rais akatangaza kuifungua, mbao ya mashambani ndio ilibeba soko na mingi inauzwa ikiwa mbichi. Kiti cha mbao mbichi kitasinyaa kikiwa kwako, viungo vinafunguka, maji yanapata mlango.

Mvule pia unaigizwa, saiprasi inapakwa rangi nzito inaitwa mvule. Mvule uliokatwa juzi huwa na rangi ya manjano manjano, unakuja kuwa kahawia na mwanga, kwa hivyo kiti kipya kabisa ambacho ni kahawia iliyokoza kote sawa sawa, kipindue (ndio, tena) uangalie chini penye rangi haikufika. Beba pia, mvule ni mzito. Na angalia vipande vyeupe. Sehemu ya nje ya mti, ile nyeupe karibu na gome, haina nguvu hata kwa mvule, wadudu wa kutoboa wataila na kukuachia unga chini ya kiti, kwa hivyo kusema tu ni mvule hakutoshi, ni mvule wa ndani ama wa kando?

Mchwa wenyewe wanaingilia miguuni kama maji, wanajenga kale kanjia ka udongo kutoka chini. Kiti kisipoguswa mwezi mzima, hasa kilichoegemea ukuta, ndio wanakipenda. Sogeza viti ukifagia. Ukiona kanjia vunja, angalia mahali kameingilia.

Kuosha ni rahisi: maji, sabuni kidogo ya kufulia, brashi laini, fuata mstari wa mbao, suuza, kausha kivulini. Ile mashine ya kuosha gari inachana nyuzi zote za juu, mbao inabaki na manyoya inayokunywa maji zaidi. Dawa ya kung'arisha nguo inafanya kitu karibu na kile jua linafanya, inakula lignini, kiti kinakuwa cheupe siku mbili unafurahi halafu kinageuka kibaya. Kinyesi cha ndege toa mapema. Msasa kwa kiti cha mafuta anza namba 80 kama ni chakavu, malizia 120 ama 150 basi, ukiilainisha sana mafuta hayazami.

Viungo nisiviache. Huku kwetu kiti hakikai tu, kinatembea. Kukiwa na matanga kwa jirani viti vinaazimwa, na ndivyo inavyofaa, mimi sikatai kutoa hata siku moja, lakini vinaburutwa kwa nyasi vikiwa na watu wawili watatu, vinarudi vinalia. Kiti kinacholia kimefunguka kiungo, na kiungo kilichofunguka kinakunywa. Kisiachwe mpaka mwaka ujao. Mwambie fundi akitoe kabisa, akwangue gundi ya zamani, aweke gundi isiyoogopa maji, kuna nyeupe nyingi ambazo zikilowa zinayeyuka, na kama anaongeza chuma basi aweke skurubu isiyoshika kutu. Msumari wa kawaida unashika kutu, kutu inafura inapasua mbao, na kwa mbao zingine inaacha doa jeusi linaloteremka ambalo halitoki. Kama una pesa ya kitu kimoja tu, wacha koti ya pili, nunua skurubu nzuri.

Turubai ni nzuri usiku wa mvua lakini likikaa limebana kiti siku nyingi linakitoa jasho, acha upepo upite chini.

Wakati wenyewe wa kupaka mafuta kwangu ni Februari, kukavu, kabla mvua ndefu ya Machi haijafika, halafu Septemba kabla ya zile fupi. Katikati hapo najua kama kiti kinadai kwa kunyunyizia maji, yakikaa matone kiko sawa, yakizama na kuacha alama nyeusi kinadai. Nanyunyizia na chini.

Na kama unaagiza kipya, mwambie fundi mambo haya kabla hajaanza, mbao za kukalia ziachane nafasi ya kidole maji yapite, pembe za juu ziondolewe ukali ziwe za mviringo, ule ubao wa juu wa mgongo usilale bapa, uinamishwe kidogo maji yateremke. Atafanya, si kazi kubwa kwake akiwa bado hajakata. Halafu umwambie akuletee kikiwa kitupu, bila sila, bila rangi, bila vanishi. Atashangaa, wengi wanashangaa, wengine watakwambia kazi haijaisha na wanaona aibu kitoke hivyo kwa karakana yao. Mlipe pesa yake yote, mshukuru, na uwe na vikopo vinne tayari.